Ndoo ya Matope

Ndoo niliimwaga mimi. Nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, na kwa kujipendekeza nilisafisha kila pembe ya karakana ya mama mkwe, mfinyanzi. Nilipokuta ndoo ya matope nyuma ya tanuri, nikaisugua mpaka ikang'aa.

Alipoiona, alikaa chini palepale. "Mkwe, umemwaga udongo wangu wa mwisho."

Udongo ule, ukichanganywa na majivu na maji, ndio uliokuwa rojo ya kuchovyea vyombo kabla ya moto mkali, vikatoka vyekundu vya kung'aa. Shimo alimouchimba sasa lilikuwa chini ya lami ya barabara. Na sahani mia na ishirini zilizoagizwa na hoteli zilikuwa rafuni, zikiisubiri rojo hiyo.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mume wangu alinifariji.

"Na matope je?" nikamuuliza, nikapiga magoti mtaroni na kijiko. Nilipata kikombe kimoja, nusu yake sabuni.

Nikazunguka na jembe kila palipochimbwa msingi wa nyumba, nikitafuta udongo mwingine. Mama alipima bila kunitazama: vikombe vitatu vya udongo, viwili vya majivu. Kigae cha kwanza cha majaribio kilitoka na mabaka matupu. Rojo ilikuwa imejikunja. Tukaongeza majivu. Cha pili rojo yake iliyeyuka mno, ikakigandisha kwenye rafu ya tanuri. Cha tano kilirudia mabaka yaleyale.

Siku ya sita alijifunika uso kwa kanga. "Nitawaambia nimeshindwa. Miaka thelathini, sijawahi kusema hivyo."

"Mama, kwa nini inajikunja?"

"Udongo huu unasinyaa mno ukikauka."

"Tukiuchoma kwanza, si utakuwa umekwisha kusinyaa?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wote hapana, hautashika. Nusu."

Tukachoma nusu kwenye bakuli, tukaisaga, tukaichanganya na nusu mbichi. Rojo ikashika vizuri, laini kama ngozi ya mtoto. Tukachovya sahani zote, tukazichoma. Lakini zilitoka za kijani kibichi.

Mtu wa hoteli aligeuza moja tu. "Si hizi," akasema, akaondoka.

Nilikimbilia jikoni nikalia hadi nikakaukiwa na machozi. Mama akaja na sahani moja ya kijani, akasimama mlangoni akiigeuza mwangani kama asiyetaka kuiweka chini.

"Ule udongo uliotoa kijani hiki uliuchimba wapi?"

"Nyuma ya zahanati, Mama."

"Wanajenga?"

"Kesho wanamwaga zege."

Akanyanyua jembe. "Basi leta magunia."