Kila Mtu na Siku Yake

...na tena anaimba, Mungu wangu, mtu aliyeambiwa juzi tu kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani anaimba, amekaa kwenye kigoda uani anakwangua miiba ya majani ya dungusi, yale mapana ya kupikwa, kama anayemenya viazi, na Noemí bintiye yuko mbele yake, beseni katikati yao, kisu chake kimesimama, maana maneno ameshayapanga tangu asubuhi, Mama, Alhamisi tumepata kitanda hospitali, kule Puebla, daktari kasema uvimbe bado mdogo, ukikatwa sasa unapona, si maneno magumu hayo, lakini kila akifungua kinywa... "Yule daktari wako," mama anasema bila kuinua macho, "hata ndevu hajaota vizuri, ndiye wa kunipangia siku?" na anacheka, na Noemí naye anacheka, anajichukia kwa kucheka, kati yao mgonjwa hasa ni nani, mama usiku analala fofofo mpaka anakoroma, ni yeye binti anayekesha akitazama dari, chakula hakipiti... "Siku ikifika imefika, mwanangu. Isipofika, hata treni ikugonge utanyanyuka ujikung'ute vumbi," ndivyo alivyosema baba alipokufa, ndivyo alivyosema mahindi yalipokauka, ndivyo alivyosema juu ya Lucio, mdogo wake Noemí, midomo imepasuka kwa homa, na lori la maziwa likasimama mlangoni, dereva akasema mlete mtoto, Bi Crescencia, nawapeleka mjini sasa hivi, na mama akatazama anga, akasema asante, Don Hilario, kesho, Mungu akipenda, lori likaondoka na vumbi lake, na kesho... kesho walikuwa wanatafuta mbao za jeneza dogo, na mama hakulia mbele za watu, alisema ilikuwa siku yake, akamwambia kasisi, akawaambia majirani, akawaambia kuku, mwaka mzima, mpaka asubuhi moja akaanza tena kula, akasuka nywele... na kisu cha Noemí kinateleza, mwiba unamwingia kidoleni, hausikii, kwa sababu sasa ndiyo anaona, vipi hakuona miaka yote hii, kama siku ya mtu yaweza kusogezwa na kisu cha daktari, basi na ya Lucio ingesogezwa na lori la maziwa, mama akikubali hili amekubali na lile, itambidi aingie hospitali na mtoto wake mfu mikononi, na hata akipona, apone aishi vipi, lakini asipokwenda anakufa, anakufa huku namtazama, nimwambie, nisimwambie... "Mbona umenyamaza?" Mama ameinua macho, kwa mara ya kwanza tangu waketi, na macho yenyewe ni ya mtu anayeomba kitu. "Wewe waonaje, binti yangu? Si kila mtu ana siku yake?" na Noemí anayatafuta yale maneno aliyoyapanga, yako palepale ulimini, yote, na anaisikia sauti yake mwenyewe ikisema taratibu, "Ndiyo, Mama. Kila mtu na siku yake," na mama anashusha pumzi, anachukua jani jingine, anaendelea kukwangua.