Matairi ya Barabara Iliyokamilika

Jumanne asubuhi, saa tatu kasoro, fundi cherehani alifunga kibanda chake, akaacha utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama kawaida yake, akafuatana na mumewe kwenda kununua matairi. Mambo ya matairi hakuyajua. Alikwenda kwa sababu mumewe, dereva wa pikapu kubwa ya dizeli, ni mtu asiyejua kukataa. Wiki mbili nyuma alitumwa sabuni akarudi na ngazi, eti muuza ngazi alikuwa na uso wa huzuni.

Muuza matairi aliitwa Mzee Upepo kwa sababu alikuwa amejaza magari ya watu upepo kwa miaka arobaini, na kwa sababu akianza kuongea hakuwa na breki. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaizunguka pikapu mara moja, akatikisa kichwa kwa heshima. Matairi yote manne yalikuwa vipara.

"Unabeba nini, ndugu yangu?"

"Kila kitu," dereva akasema. "Mapipa ya maji, saruji, madawati. Wajawazito."

"Njia gani?"

"Ya kilimani."

"Ile ya lami?"

"Hiyo hiyo."

Wanaume wakacheka. Fundi hakucheka, maana kuhusu barabara ile alikuwa na kinyongo chake mwenyewe. Miaka sita nyuma alipewa kazi ya kushona utepe wa uzinduzi, akaushona kwa hariri nyekundu na kuupiga pindo pande zote mbili. Ukakatwa, makofi yakapigwa, likasimikwa bango lenye maandishi meupe: BARABARA YA LAMI, MITARO NA TAA, IMEKAMILIKA. Nyuma ya bango mawe yaliendelea kuwa mawe, yenye ncha, mpaka juu kabisa. Katika kazi nzima ya barabara ile, kilichokamilika kilikuwa utepe.

Kwenye mawe hayo tairi jipya lilikuwa likiisha kwa miezi minne. Mwaka uliopita, mchana wa jua kali, pikapu ilipata pancha mbili mfululizo ikiwa na spea moja, na mwanamke aliyekuwa akikimbizwa hospitali akajifungulia nyuma ya gari, juu ya magunia, mkunga amepiga magoti kati ya mapipa. Mtoto alitoka salama na mpaka leo wanamwita Jeki. Mama yake alipona kwa shida sana. Dereva alikaa siku mbili bila kula, na tangu hapo akawa hana wimbo mwingine ila matairi yanayodumu.

Mzee Upepo aliwatolea matairi matatu, akayaegemeza ukutani. La kwanza alisema ni la watu wanaokaa mjini wanaopenda gari lao lionekane limetoka porini. Laini, halina kelele, mawe ya kilimani yangelimaliza kabla ya mvua. La pili lilikuwa la kazi hasa: plai kumi, yaani tabaka kumi za nyuzi, ubavu mnene, meno mapana yenye nafasi ya kutema matope. Hilo, kwa mzigo ule, lingefika mwaka. La tatu lilikuwa kama la pili kwa kila kitu, ila alilitoa nyuma ya kabati.

"Hili haliishi," alisema.

Fundi alilishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua taratibu, jinsi anavyosugua kitambaa ambacho muuzaji amekisifia kupita kiasi.

"Kitambaa kisichochakaa mimi sijakiona," alisema. "Kama tairi halichakai, kuchakaa kwake kunakwenda wapi?"

Mzee Upepo alisema hilo ni swali zuri na kwamba wanaume huwa hawaliulizi. Kuchakaa kunakwenda kwa wanaolipiga teke. Kila teke ni fungu moja la kuchakaa huko. Mwenye fungu anapungua kimo, kidogo tu, kwenye lami ni unene wa ukucha kwa mwaka. Kwenye mawe hakuwa na hakika.

"Kwa hiyo, tafadhali, msilipige teke mpaka mmeamua."

Lakini dereva, ambaye tangu ujana wake hajawahi kununua tairi bila kulipiga teke, alikuwa keshalipiga. Alikuwa pia ameyapiga mengine matatu ya aina hiyo yaliyokuwa nyuma ya kabati, moja moja, kwa mpangilio.

"Baba, si nimesema subiri?" Mzee Upepo akalalamika.

"Nilikuwa nimeshaamua," dereva akasema, naye akaenda kutafuta jeki.

Matairi hayo yalifanya kazi. Mawe yaliyokuwa yakichana mpira kama karatasi sasa yalibonyea chini yake, na matope ya masika hayakuinasa pikapu hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi dereva alichokoa changarawe kwenye meno kwa bisibisi, akapima kina kwa ncha ya kiberiti, akakuta ni kile kile. Wajawazito kumi na watatu walishushwa hospitalini wakiwa bado wajawazito.

Fundi aliona kwanza kwenye suruali za mumewe. Mwezi wa pili zilianza kuburuza, akalaumu kitambaa. Mwezi wa tatu akajilaumu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha jioni moja mumewe alirudi kazini, wakasimama mlangoni kama wanavyosimama siku zote tangu waoane, yeye kichwa chake chini ya kidevu cha mume, na kichwa hakikuingia. Kidevu kilimgonga utosini. Alimsimamisha kwenye fremu ya mlango, akavuta utepe. Vidole vinne vilikuwa vimekwenda.

Dereva mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa ameweka mto kwenye kiti, kisha mto wa pili, na kufunga vipande vya mbao kwenye klachi na breki. Alisema kwa kweli gari halijawahi kuwa na nafasi kiasi kile.

"Kesho tunayarudisha," fundi akasema.

"Hayarudi, mke wangu."

"Mzee Upepo atatupa yale ya mwaka mmoja."

"Miezi saba hakuna mama aliyejifungulia njiani. Hata mmoja. Unataka nimwambie nani kwamba nimeyarudisha kwa ajili ya suruali?"

"Na baadaye? Nikupeleke sokoni ndani ya kikapu?"

"Ukinibeba wewe, mimi sina neno."

Alisema kwa utani, ila ndivyo alivyo, na fundi alijua kwamba mtu huyu angekwisha kidogo kidogo huku akisema hana neno. Alimpenda mno kumwacha aishe peke yake. Alilia juu ya suruali aliyokuwa akiipiga pasi, akailaza upande mwingine, akamaliza kuipiga.

Asubuhi alivaa kiatu chake kizuri, chenye ncha, akatoka uani na kuipiga pikapu mateke. Alipiga kumi kila tairi, bila haraka, akihesabu kwa sauti kama anavyohesabu vifungo. Mumewe alitoka na kikombe cha chai, akasimama kutazama.

"Hilo la nyuma kushoto hujalitendea haki," alisema.

Fundi akaliongeza mawili. Hapo ndipo dereva alipoelewa mkewe anafanya nini, akaweka kikombe chini, akakaa kwenye ngazi yake ile isiyo na kazi, akalia waziwazi.

Habari zilipanda kilima pamoja na mapipa ya maji. Mkunga, mwanamke asiyezunguka maneno, alishuka wiki ile ile na kusema watu wa kilimani wako tayari kupiga mateke yao. Fundi alimshukuru, akamwambia wasubiri.

"Tusubiri nini? Si mnazidi kuisha?"

"Bado vidole vinne," fundi akasema, na hakufafanua.

Ikapita miezi. Kwa kuwa mafungu mengi yalikuwa yake, alishuka haraka kuliko mumewe. Aliongeza ubao chini ya pedali ya cherehani, akahamisha sukari kwenye rafu ya chini. Kila jioni alijipima mlangoni, bila utepe, kwa kichwa tu. Ilipofika jioni ambayo utosi wake uliingia tena chini ya kidevu cha dereva, pale pale ulipokuwa siku ya ndoa yao, alituma ujumbe kwa mkunga kwamba sasa waje.

Walipanga foleni tangu asubuhi. Fundi aliketi na daftari, akampima kila mtu kabla ya teke. Walikuja wale waliowahi kupelekwa hospitali, waume zao, mwashi wa kisima, walimu wote wanne. Kikongwe mmoja alipiga kwa mkongojo ikakubaliwa. Wasiomaliza kukua walikatazwa. Jeki alijaribu kujipenyeza, na mama yake akamdaka mguu ungali hewani. Hadi saa kumi walikuwa wamefika mia mbili na kumi na mmoja. Fundi alipiga hesabu akakuta kila mmoja atapoteza unene wa uzi kwa mwaka, uzi namba arobaini, ule wa mashati.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi wa barabara. Gari lake dogo lilikomea kwenye bango, kwa hiyo aliomba kupandishwa. Alikaa mbele kati ya dereva na fundi, na kila jiwe lilimgongesha kichwa kwenye paa, wao wawili wakiwa na nafasi tele juu yao. Walipofika alishuka akishikilia utosi, akachuchumaa, akaingiza kipimo chake kwenye meno ya tairi. Aliomba risiti ya duka, akasoma tarehe mara mbili. Kisha akaandika: Gari hili hupita hapa kila siku kwa mwaka wa tatu na matairi yake hayajalika. Barabara iko katika hali nzuri sana.

Mkunga alimweleza kwamba kuchakaa kupo, ila kunabebwa na watu. Alimwonyesha daftari, jina kwa jina, kimo cha kwanza na kimo cha sasa. Mkaguzi alilisoma kwa makini hadi ukurasa wa mwisho.

"Nawaelewa kabisa," alisema. "Ila kwenye fomu hakuna sehemu ya watu."

Alifunga faili. Kabla ya kupanda alilipiga tairi la mbele teke moja, kama afanyavyo mtu yeyote aliyesimama karibu na tairi. Fundi alimwomba asimame wima, akampima, akamwandika. Mkaguzi alidhani anapimwa suti, akafurahi, akasema yeye hupenda suruali ndefu kidogo.

"Zitakuwa ndefu," fundi akamhakikishia.

Baada ya wiki tatu walikuja mafundi wa rangi. Walilipaka bango upya na kuongeza mstari: IMEKAGULIWA. Bango halijapungua hata kidogo, na watu wa kilimani siku hizi hulisoma wakiwa wameinua shingo.

Jioni ya siku ile ya rangi dereva alirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakasimama mlangoni.

"Kesho kuna wawili wa kushusha," alisema juu ya nywele za mkewe. "Mmoja ana mapacha."

Fundi alisogeza kichwa kidogo, kikakaa mahali pake.

"Vua suruali," alisema. "Nikupunguzie."