Mkwe Ndani ya Televisheni

Televisheni yetu ina inchi ishirini na nne, na anayeona ni ndogo aje aniambie mimi, Solange, hapa mlangoni pangu, mjini Baraka, nimfungie mlango kabla hajaiona ikiwaka. Ni bapa, ni nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Inatumia umeme kidogo tu wa sola, na nikiiunganisha na intaneti ya simu yangu inanifungulia dunia. Kola zote ninazoshona siku hizi nilijifunzia humo, kwa fundi mmoja wa Abidjan ambaye hajui hata kama nipo. Namsimamisha, napima, nakata, namrudisha nyuma aeleze tena, wala hanuni. Mama fundi aliyenifundisha cherehani alinichoka siku ya pili.

Jirani yangu Yasmina, muuza samaki, huja jioni kuangalia mapishi ya keki. Hana tanuri wala mayai, lakini anakemea wapishi kama wake wenzake. Namwachia kiti cha mbele.

Hata hivyo, anayeipenda kuliko sisi sote ni mama yangu, Mama Marthe. Macho yake yameingia ukungu. Kwenye simu, uso wa mtu kwake ni doa tu. Kwenye televisheni, akisogeza kiti, anaona pua, anaona meno. Na kwa kuwa anawaona watu, anaamini nao wanamwona. Msoma habari akisema bonsoir, mama anaitikia na kufunika magoti vizuri. Nimemweleza mpaka nimechoka.

"Mi siwezi kukaa mubaya mbele ya muntu ananisalimia," ananijibu, na mazungumzo yameisha.

Wiki ninayoisimulia, madaktari wa macho walikuwa wamefika mji wa Uvira. Tulikwisha kumpeleka kupimwa. Jicho la kushoto, walisema, limekwenda. La kulia linaweza kupasuliwa, na pengine ataona vizuri, pengine hataona tena kabisa. Tulipewa nafasi ya Jumamosi, siku yao ya mwisho, na gari la kwenda huko lilikuwa linaondoka alfajiri hiyohiyo. Mama alikubali yote, ila kwa sharti moja: amwone kwanza mtoto wa Arlette.

Arlette ni mdogo wangu. Vita vilimvusha ziwa hadi kambini Tanzania, akaolewa huko na Bertin, kijana wa kwetu kutoka Swima, kisha wakachukuliwa Amerika. Mahari ililetwa na wajomba. Mama hakuwahi kumwona mkwe wake hata siku moja. Miaka tisa walingoja mtoto, na alipozaliwa, miezi mitatu iliyopita, walimpa jina la mama: Marthe.

"Mwenye iko na jina yangu, nimuone nikingali na jicho," alisema mama. "Nisipomuona, gari iende bila mi. Hiki kidogo kinabaki, sitabapatia badaktari."

Na mama yangu akisema hivyo, hata padri hamwondoi. Mimi roho ilikuwa juu, kwa sababu mnara wa simu wa mtaa wetu ulikuwa umelala wiki mbili. Mtandao ulirudi Ijumaa yenyewe, saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Arlette yuko kiwandani, simu hairuhusiwi. Akitoka, kwetu ni usiku na betri ya sola imekwisha, ndiyo maana mpaka siku hiyo mtoto kwa mama alikuwa doa la simuni tu. Aliyekuwa nyumbani na mtoto ni Bertin, maana yeye anafanya kazi usiku. Nikampigia Bertin kwa video, nikairusha picha kwenye televisheni, nikamweka mama mbele.

Hapo nilikosea, na kosa ni langu, si la mashine. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Mimi hayo nimeyanyonya, lakini ile haraka ilinifanya niyasahau. Uso wa Bertin ukajaa kwenye kioo, mkubwa, na ndevu zake zote.

Mama alipiga ukelele kama aliyekanyaga moto. Alivua kitenge cha mabegani, akakitupa juu ya televisheni, akakimbilia nyuma ya mlango wa chumba.

"Mama mukwe! Pardon! Sikujua!" ilisema televisheni kutoka chini ya kitenge.

"Mama, Bertin iko Amerika!" nilipayuka. "Ni picha tu!"

"Ananiona! We mwenyewe ulisema simu iko na jicho!"

Kwa hilo alikuwa na haki, na lilinikasirisha zaidi. Niliigeuzia simu ukutani, ili asionekane. Nikamwambia Bertin amlaze mtoto kitandani, ashike simu juu yake, yeye asitokee hata kidole. Alijaribu. Nilichungulia chini ya kitenge: yule mtoto, mara tu mgongo ulipogusa godoro, uso wote ukawa mdomo. Kelele zake zilitikisa nyumba yetu.

"Mumubebe!" mama alilia nyuma ya mlango. "Asilie kwa sababu yangu! Mumubebe!"

Bertin alimbeba, mtoto akanyamaza, lakini ndevu za baba zikaingia tena kwenye picha. Alimlaza, akalia. Walifanya hivyo mara tatu, na betri yetu ilikuwa imebaki vijiti viwili. Sitaficha: nilimchukia mama wakati ule. Niliona atakavyoketi gizani maisha yake yote yaliyobaki kwa ajili ya adabu.

"Yaya Solange," alisema Bertin, akiniita dada mkubwa kama mke wake anavyoniita, "unipatie dakika mbili. Na mama asiogope. Sura yangu hataiona tena."

Tulisikia kiti kikivutwa, kitu kikianguka, mwanaume akihema. Kisha akasema, "Ni hivi sasa. Aangalie."

Nilichungulia mimi kwanza. Bertin alikuwa ametupa kisogo. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha Arlette, fundo kifuani, kama mama zetu wanavyofanya, na alikuwa anarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukafika karibu kabisa na simu. Kwetu mwanaume hubeba mtoto begani au mkononi. Anayembeba mgongoni, wenzake watamchekea mpaka siku ya kuzikwa. Yeye alisimama hivyo, mtu mzima, akijua kabisa ni nani anamtazama.

"Mama, kuja," nilisema. "Utaona mugongo tu."

Alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Alishika pembe ya kitenge, akakiinua kidogo, akasita, akakiondoa chote. Shavu la Marthe mdogo lilikuwa limelala kwenye shati la baba yake, limejaa kioo kizima. Macho yalikuwa wazi. Nasema wazi: siku ile niliibariki televisheni ile, na waliotengeneza kila waya wake, popote walipo.

Mama aliketi, pua yake karibu iguse kioo.

"Kipaji ya uso ni ya baba yangu," alisema. "Sikio njo yangu. Angalia, Solange, sikio njo yangu." Alifuata nyusi kwa kidole, mdomo, kidevu. Hakufanya haraka. Alimwangalia kama mtu anayekariri sala, na Bertin, ambaye alikuwa ametoka kazini asubuhi na hajalala, hakusogea hata kidogo. Nikaona mabega yake yameanza kutetemeka kwa uchovu.

Mama naye aliyaona. Siku zote maneno yake kwa mkwe yalipita kwangu au kwa Arlette. Safari hii alikisemesha kioo mwenyewe.

"Mutoto wangu."

Mgongo ulinyooka. "Ndiyo, mama."

"Ulikula?"

"Bado, mama."

"Enda ukule. Halafu ulale. Nimemuona."

Bertin hakugeuka. Alipiga hatua mbele, mbili, mpaka akatoka kwenye picha, na mtoto akiwa bado anatuangalia.

Mama alijifuta macho yote mawili, lililokufa na lililobaki, akasimama.

"Solange," alisema, "unitilie nguo mu sac ya safari. Gari isituache."