Chumba cha Chaki

Tulihama jijini kwa sababu kodi ya chumba kimoja ilitushinda. Huku, kwa nusu ya kodi ile, tulipata nyumba ya vyumba saba. Siku ya tatu mke wangu alifunga begi.

"Baba watoto, mimi narudi jijini. Kukuita tu humu ndani mpaka nipige simu!"

Mimi ni mpima ardhi. Nilichukua chaki nikachora sebuleni chumba chetu cha zamani, mita tatu kwa nne, pamoja na mlango wake. Tukahamia humo na watoto watatu. Mke wangu akalala fofofo, ila begi hakulifungua.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja kututembelea, akakanyaga mstari.

"Karibu mama, lakini umepita ukutani," nilimwambia.

"Hivi mwanangu, umeolewa na kichaa?" alimuuliza binti yake. Hata hivyo alirudi nyuma, akapiga hodi mlangoni.

Wakati wa kulala, nafasi haikutosha. Mke wangu alilowesha kitambaa, akafuta ukuta mmoja.

"Usogeze mita mbili," aliniambia. "Kule jijini nani angeturuhusu?"

Kisha akalifungua begi, akamtolea mama yake shuka.