Seli Isiyoguswa

Jumamosi mchana Hilda aliweka kompyuta yake juu ya meza ya sebuleni, nyumbani kwao Ruhuwiko, huku mama yake, Yasinta, akichambua maharage upande wa pili. Hilda alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Songea, na kwa miezi kadhaa alikuwa akikuza kiumbe ndani ya mashine hiyo. Kilianza kama seli moja, zikawa mbili, hatimaye ukawa mwili. Hakukipa macho wala masikio. Alikipa kanuni moja tu: seli isiyoguswa na jirani huita, na mwili hukua kuelekea inakoita. Wenzake chuoni walidai kanuni hiyo haitoshi. Hilda aliwajibu kwamba inatosha kabisa.

Mchana ule kiumbe kilifika ukingoni mwa kioo, kikaendelea. Kilishuka mezani taratibu, cheupe, laini kama uji ulioganda, kikiwa na joto kidogo. Yasinta alisogeza ungo wake kukipisha.

"Kinakula maharage?" akauliza.

"Hakili kitu, mama. Kinamtafuta anayeita."

Kiligusa miguu ya Yasinta, kikapita. Kilimpita paka aliyelala mlangoni, kikaipita sufuria ya dagaa wa Nyasa jikoni, kikakata kona. Hilda alikifuata bila haraka, maana kazi yake aliijua. Kikaingia stoo.

Humo ndimo alimolala shangazi Kunegunda, dada mkubwa wa baba yake, kati ya magunia ya mahindi. Nyumba ile aliijenga yeye, kwa cherehani yake, na ndiye aliyemkaribisha mdogo wake Thadei na familia yake walipokuwa hawana pa kukaa. Baadaye kiharusi kilimnyang'anya sauti na nguvu za upande wa kushoto, wakamhamishia stoo kwa muda tu, kwa kuwa chumba chake kilifaa wageni. Chakula hakikuwahi kuchelewa. Alikula mwenyewe kwa mkono wa kulia, akajikokota mwenyewe kwenda kuoga, hivyo hapakuwa na sababu ya mtu kumshika.

Kiumbe kilipanda kitandani, kikazunguka bega lake la kushoto. Kunegunda alifumba macho. Kesho yake, watu waliporudi kanisani, kilikuwa kimemfunika hadi miguuni.

Jumuiya ilipokuja kusali, mwenyekiti wao, mzee Alfonsi, alipelekwa akakione. Aliuliza kama vitu hivyo hubatizwa. Walijadiliana kidogo, wakaona haina haja, wakarudi sebuleni kumalizia rozari, wakamwombea mgonjwa kwa jina.

Wageni walipoondoka, Hilda alimweleza baba yake kanuni yote, tangu seli ya kwanza. Mzee Thadei alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, nyumba nzima kilimpita kila mtu, kikaenda kwake. Sijakosea hata mstari mmoja."

"Sikatai, mwanangu. Umefanya kazi safi."

"Basi tumrudishe chumbani kwake."

Thadei alifikiri. "Kabla ya hapo ningekubali," akasema kwa upole. "Nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili yake. Lakini sasa si amepata wa kukaa naye?"

Yasinta naye akasema kumhamisha kungekisumbua kiumbe. Wiki hiyo ilihitajika nafasi ya mavuno mapya, wakaongeza magunia mawili stoo, wakiyapanga kwa uangalifu yasikibane.

Jumatatu iliyofuata Hilda alipeleka uji wa asubuhi. Alipoinama, kiumbe kilijikunja upande mmoja, kikaacha mkono wa kushoto wa shangazi wazi juu ya shuka, kiganja juu. Kunegunda alimtazama, akangoja. Hilda aliuona mkono ule vizuri. Akaweka kikombe mahali ambapo ule wa kulia ungefika, akamwamkia shikamoo kwa heshima, akatoka kuwahi kipindi. Darasani siku hiyo aliwaeleza wanafunzi kwamba kanuni imethibitika.