Rivolva ya Baba Yake Oleta

Verlin Stiles alikuwa mtu wa mpangilio, na watu wa mpangilio wana balaa lao. Kuni alizipanga kwa unene, misumari kwa urefu, na makopo ya rangi kwa mwaka alioyanunua. Kwa hiyo risasi zilipoadimika madukani, naye akatambua kuwa nyumbani kwake kuna bastola nne zinazokula risasi za aina nne, aliona haya kama mtu aliyefumaniwa na wageni nyumba haijafagiwa.

Hali yenyewe ilikuwa mbaya kweli. Katika milima ile ya Arkansas watu walikuwa wakipanga foleni mbele ya duka kabla halijafunguliwa, kahawa mkononi, na mwenye duka akitokea anawaambia ni boksi moja kwa kila mtu, na ni la aina yoyote lililofika. Verlin alitaka za milimita tisa akapewa za arobaini na tano. Alitaka za thelathini na nane akapewa za bastola ambayo alikuwa ameshaiuza. Kiangazi kilipoisha, kabati lake lilikuwa na risasi zisizo na bastola na bastola zisizo na risasi. Oleta, mkewe, alipolifungua alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Bwana, hapa weka kibao," alimwambia. "Watu walipe kiingilio waje kutazama."

Oleta alikuwa akitania, lakini Verlin alilichukua lile neno akaenda kulala nalo. Asubuhi aliamka ameshaamua. Nyumba ile itakuwa na risasi za aina moja tu, milimita tisa, na bastola zote zitakuwa pacha. Boksi lolote litakaloingia ndani litalisha bastola yoyote, na hakuna mtu atakayemcheka tena.

Jumamosi alikwenda kwa Doyle. Duka la Doyle lilikuwa na jiko la kuni katikati, na wanaume wa bondeni walikaa kulizunguka wakibadilishana bunduki jinsi wanawake wanavyobadilishana mapishi. Ilikuwa nadra mtu kutoka mle na bunduki ileile aliyoingia nayo. Siku ile alikuwepo pia Arlis Coble, jirani yake Verlin, waliyesoma naye na kubishana naye tangu wakiwa na kamasi puani. Arlis alikuwa na bastola za kila aina, na hakuwa na nia ya kutubu.

"Yaani wewe unataka kula maharage kila siku mpaka ufe," Arlis alimwambia.

"Maharage ninayo. Wewe una sahani tano na zote tupu."

Doyle alicheka nyuma ya kaunta. "Hapo amekupata, Arlis."

"Hajanipata. Zangu kila moja ina kazi yake. Kuna ya nyoka, kuna ya nguruwe mwitu, kuna ya kwendea kanisani."

"Kanisani unaogopa nini?"

"Mahubiri marefu."

Walicheka wote, Verlin naye akacheka, kwa sababu alijua hoja ni yake. Na kweli, kwa hesabu ya kabati, hoja ilikuwa yake. Tatizo lilikuwa moja tu. Kati ya zile nne, ile rivolva ya thelathini na nane, bastola ya kizamani yenye silinda inayozunguka, haikuwa mali yake. Ilikuwa ya Hobart, baba yake Oleta, aliyepeleka barua katika milima ile maisha yake yote, na mti wa kishikio chake ulikuwa umelika mahali kidole gumba cha mzee kilipokuwa kikikaa. Tangu Hobart afe, rivolva hiyo ilikaa jikoni, juu ya rafu ya unga. Oleta aliitumia kuua nyoka walioingia bandani kwa kuku, kisha akairudisha na kuendelea kupika.

Verlin alimwuliza Jumatatu asubuhi. Oleta alikuwa akikanda unga wa biskuti za kifungua kinywa, mikono imezama mpaka vifundoni.

"Ile thelathini na nane naipeleka kwa Doyle," Verlin alisema. "Risasi zake hazipatikani. Nitakuletea mpya, ya milimita tisa kama zangu."

Mikono ilisimama ndani ya unga. "Ni ya baba."

"Najua ni ya baba. Lakini baba yako angekuwepo leo angeona foleni ile, naye angefanya hivihivi."

Oleta alitazama dirishani, akatazama unga. "Basi fanya unavyoona," alisema, akaendelea kukanda.

Kuna waume wanaojua kuwa maneno hayo si ruhusa. Verlin alikuwa ameishi na mke yule tangu ujana wao, na alipaswa kuwa mmoja wao. Alimbusu kichwani, akaishusha rivolva.

Dukani, Doyle aliipokea akaigeuzageuza, kisha akauliza swali alilowauliza wanaume wote waliokuja kununua kwa niaba ya wake zao. "Oleta ameishika hii mpya? Mlete aijaribu. Unajua bastola ya mke huwa siiuzi mpaka mke mwenyewe aikoki hapa mbele yangu, avute chuma cha juu mpaka mwisho."

"Oleta amepiga bunduki tangu ana meno ya utoto. Ataizoea."

"Sijasema hajui kupiga."

"Doyle, unaniuzia au huniuzii?"

Doyle aliinua mabega, akamwuzia. Alikuwa mfanyabiashara, na Verlin alikuwa mteja wa miaka mingi. Verlin alirudi nyumbani, zile za zamani zimeshabadilishwa zote, akiwa na bastola tatu zinazofanana kama mayai: moja ya gari, moja ya chumbani, moja ya jikoni. Alizipanga mezani akazitazama, na moyo wake ulitulia kama wa mtu aliyemaliza kulipa nyumba.

Walikwenda kuzijaribu nyuma ya banda. Verlin alizikoki, akampa Oleta moja, na Oleta akaangusha makopo bila hata kukunja uso. Mkono wake ulikuwa vilevile. Kisha akasema ngoja nijaribu kuikoki mwenyewe. Alikivuta kile chuma cha juu, kikaja nusu, kikarudi. Akavuta tena, kikarudi. Alicheka kidogo, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Ina grisi," alisema.

"Ni mpya bado, italegea. Lete." Verlin akamkokia. "Kesho tutafanya mazoezi."

Kesho ilikuwa siku ya kukata nyasi, na keshokutwa ilikuwa na mambo yake. Oleta aliweka mikono mfukoni njia nzima ya kurudi nyumbani, na jua lilikuwa kali, na Verlin hakujiuliza. Bastola ya jikoni ikawekwa juu ya rafu ya unga, magazini ya risasi imejaa, chumba cha risasi kitupu, kwa hiyo isingepiga kabla ya kukokiwa. Hiyo nayo ilikuwa amri yake Verlin, kwa sababu mjukuu huwa anakuja kutembea.

Mwezi wa kumi, majani yakiwa yameanza kuwa mekundu, Verlin alikwenda kwa Doyle kama kawaida. Alikaa karibu na jiko akiwahutubia wenzake kuhusu raha ya kuwa na risasi za aina moja, mpaka Arlis akamwomba apumzike watu wanywe kahawa. Alirudi mchana, akamkuta Oleta ameketi kwenye ngazi za barazani. Bastola ilikuwa mapajani mwake. Miguuni pake kulikuwa na kitambaa cha meza, kile cha sikukuu, kimelowa damu, na chini yake palitokeza mkia wa Mabel.

Mabel alikuwa mbwa wao wa kuwindia, mzee, macho yameingia ukungu, kazi yake ilikuwa imebaki kulala juani. Mbwa koko walikuwa wametoka barabarani, wale ambao watu wa mjini hupakia kwenye gari wakaja kuwatupa mashambani wakidhani mashambani kila kitu hujilea. Walikuwa kundi, na walikuwa na njaa.

"Nilisikia analia," Oleta alisema. "Nikachukua bastola nikatoka. Nilikuwa karibu nao kama nilivyo karibu na wewe."

Verlin alimtazama, akaitazama bastola, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Hukuikoki?"

Oleta aliiweka bastola chini. Alifungua kiganja cha kulia akamwonyesha. Ngozi ilikuwa imechubuka kuanzia kidole gumba mpaka katikati, mahali chuma kilipoponyoka tena na tena. Na kwa mara ya kwanza Verlin aliviona vile vidole. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole viwili vimepinda upande. Haikuwa kazi ya siku ile. Ilikuwa kazi ya miaka, na alikuwa amekaa navyo meza moja.

"Mwishowe niliwatupia bastola yenyewe," Oleta alisema. "Nikaenda nikaiokota, nikawatupia tena."

Verlin alilia siku ile, nyuma ya banda, akichimba kaburi la Mabel. Ingefaa kusema kwamba alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Doyle kuirudisha rivolva. Hakwenda. Kichwa kigumu hakilainiki kwa kilio kimoja. Kwanza alimwambia Oleta kuwa tangu sasa ya jikoni itakaa imekokiwa. Oleta akasema hiyo haitalala jikoni kwake mjukuu akiwepo. Kisha Verlin akanunua nyingine, yenye chuma chepesi zaidi, nayo ya milimita tisa, maana risasi tayari zipo. Oleta akaivuta mara moja, akaiacha mezani, akaenda kuosha vyombo.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Oleta aliacha kwenda kwa kuku peke yake. Kisha akaacha kwenda kwenye sanduku la barua mpaka Verlin awepo, yeye binti wa mpeleka barua aliyekua akizipanda njia zile. Akaanza kuwazungumzia watu wa mjini, jinsi anavyoishi binti yao Janelle, kwamba ana chumba cha chini kisicho na mtu. Alisema taratibu, kama anayeongelea hali ya hewa, na Verlin akawa kila mara anakumbuka kuni za kuingiza. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ile. Hakuweza kufikiria mlango wake umefungwa kwa kufuli.

Theluji ilipoyeyuka alimeza kiburi chake, akaenda kwa Doyle. Doyle akamwambia kuwa ile thelathini na nane iliondoka wiki ileile aliyoileta, na aliyeichukua ni Arlis. Verlin akaendesha gari hadi ng'ambo ya uwanja wake, akagonga kwa jirani yake.

Arlis hakumtania. Aliingia ndani akatoka nayo imefungwa kwenye fulana safi, imepakwa mafuta, pamoja na boksi la risasi lililojaa.

"Mbona hukuniambia unayo?" Verlin aliuliza.

"Nilidhani utakuja kuitafuta kabla ya Jumapili. Hukuja. Siku Mabel alipokufa nikasema leo atakuja." Arlis alijikuna shingo. "Ningeileta mwenyewe, Verlin. Lakini ungesema nimekuja kushinda mabishano."

"Ningesema."

"Najua. Na mimi nikakuacha, nikafanya vibaya. Chukua, umpelekee mwenyewe."

Verlin aliendesha polepole ingawa ni ng'ambo tu ya uwanja, rivolva ipo kitini kando yake. Alikuwa amepanga maneno. Angeomba radhi kwanza, halafu angesema kwamba sasa anaweza kwenda kwa kuku, kwenye barua, kokote, na habari za Janelle ziishe. Alimkuta Oleta mezani jikoni, mbele yake bakuli la maharage ya kumenya ambalo halikuwa limepungua sana. Akaiweka juu ya meza, ndani ya ile fulana.

Oleta aliifunua. Aliinusa, kama mtu anavyonusa koti la marehemu, kisha akaweka kidole gumba pale mti ulipolika. Macho yakamjaa.

"Nisamehe," Verlin alisema. "Hii huhitaji kuikoki. Unavuta tu kifyatulio, basi. Tutabaki hapahapa."

Oleta alikagua kama haina risasi, maana baba yake ndivyo alivyomfundisha. Akaielekeza kwenye ukuta wa stoo, akavuta kifyatulio. Kidole kilikwenda robo ya njia, kikakwama. Akaweka na mkono wa pili juu yake, akavuta, meno ameyauma, kifyatulio kikagoma. Akajaribu kukirudisha kinyundo cha nyuma kwa gumba, gumba likateleza. Verlin alinyoosha mkono kumsaidia, halafu akaurudisha, kwa sababu aligundua hana cha kusaidia.

Oleta aliilaza rivolva juu ya fulana, akaifunika vizuri.

"Mwezi wa kumi ningeiweza," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lilimuuma Verlin kuliko lolote. "Nilikuwa nimeanza kuona shida kwenye kufungua makopo, kwenye vifungo. Lakini hii nilikuwa naiweza bado. Nilikuwa naijaribu kila ulipotoka, kuhakikisha. Ilikuwa kitu cha mwisho ninachokiweza sawasawa."

"Kwa nini hukuniambia, Oleta?"

"Nilikuambia ni ya baba. Nilidhani utaniuliza lingine." Alivitazama vidole vyake juu ya meza. "Uliniuliza mikono yangu ikiwa ndani ya unga, hukungoja hata niitoe."

Verlin alikaa. Juu ya rafu ya unga ile bastola ya milimita tisa ilikuwa imekaa mahali pake, na chumbani kulikuwa na pacha wake, na kwenye gari mwingine, na kabatini maboksi ya risasi za aina moja yamepangwa mpaka juu, lebo zimetazama mbele.

Oleta alisukuma simu kuelekea kwake, ile ya mezani yenye vitufe vidogo.

"Nipigie Janelle," alisema. "Mimi nakosea namba."

Verlin alichukua simu, akapiga.