Hobart Ndani ya Jicho

Jirani Opal anasema alikuwa amekaa palepale, chumba cha chini ya kanisa, siku ya kupimwa macho bure, daktari alipommulika Bi Delphia Ratliff jicho la kushoto. Daktari alisita, kisha akashusha tochi kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

"Una doa jeusi nyuma ya jicho, mama. Wazee wengi wanalo, halina madhara. Ila hili lako limevaa taa kichwani."

"Huyo Hobart, mume wangu. Usimmulike sana, hajazoea mwanga."

Opal naye akachungulia. "Mbona kakonda hivyo! Shoga, humlishi?"

Hobart alibaki chini mwaka ule mgodi wa makaa ya mawe ulipowaka moto. Kampuni iliziba mlango kwa zege ili kuuzima moto na kuokoa makaa, ikatangaza kwamba wote wamekufa. Wanawake waliosimama getini walikuwa bado wanasikia bomba likigongwa.

Huku milimani Kentucky mchimbaji hufundishwa hivi: ukifukiwa, gonga bomba, kisha nyamaza usikilize. Wakilipua baruti juu, ujue wamekusikia. Hobart alikuwa mtu wa kufuata mafunzo. Aligonga, akanyamaza, akasikiliza, akaanza upya, na humo jichoni hajaacha hadi leo. Delphia, akiwa mezani na maharage yake na mkate wa mahindi, humjibu kwa kujigonga kijiko shavuni. Lakini kijiko si baruti, na Hobart hakihesabu.

Jumatatu Opal alimsindikiza Delphia hadi ofisi ya kampuni. Meneja, kijana aliyelelewa vizuri, alipiga goti akachungulia kwa mwanga wa simu.

"Namwona, bibi. Anaonekana mzima. Pole sana."

"Sikuombi ubomoe zege, mwanangu. Mimi macho haya nitayafumba karibuni, naye hatakuwa tena na pa kukaa. Lipueni baruti pale kilimani juu ya mgodi, mara moja tu, ajue alisikika."

Meneja alizima simu. Akamimina maji, akampa Opal, akampa Delphia, akarudi kwenye kiti chake na kutazama dirishani. Kilima kilikuwa kimeoteshwa nyasi, zimekatwa vizuri.

Delphia hakugusa maji. Alimkazia macho, bila kupepesa.

Hobart akagonga bomba. Wote watatu wakasikia. Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa.